Binti yako anataka kucheza kikapu? Mwambie ndiyo, kisha mfuate uwanjani

Mwanzoni mwa Agosti 2023, Nigeria na Senegal zilikutana katika ukumbi wa BK Arena jijini Kigali kucheza fainali ya ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu kwa wanawake, mashindano yanayofahamika zaidi kwa jina la AfroBasket. Nigeria ilishinda kwa pointi 84-74 na kubeba kombe kwa mara ya nne mfululizo.

Kwa wafuatiliaji wa kikapu hilo halikuwa la kushangaza. La kushangaza lilikuwa pembeni ya uwanja. Aliyekuwa akiwapa maelekezo mabingwa hao ni mwanamke wa miaka 31, Rena Wakama, aliyekabidhiwa timu mwaka huohuo. Kabla yake, hakuna mwanamke aliyewahi kutwaa kombe hilo akiwa kocha mkuu.

Mwaka uliofuata Wakama aliipeleka timu hiyo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris. Ikaifunga Australia 75-62, ikaifunga Canada 79-70, ikaingia robo fainali. Hakuna timu ya kikapu ya Afrika, iwe ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imefika hapo katika Olimpiki. Marekani ndiyo iliyoisimamisha, 88-74, na mashindano yalipokwisha Wakama akatangazwa kuwa kocha bora kwa upande wa wanawake.

Matokeo hayo yana ukurasa wake wa michezo. Yanayowahusu wazazi ni yale yaliyotangulia matokeo: nani aliwaruhusu wasichana hawa kucheza, aliwaruhusu kwa masharti gani, na nani alikuwa akiwaangalia walipokuwa na miaka 12, 13 na 14.

Shule haina mjadala

Wakama alizaliwa Marekani na wazazi Wanigeria. Alicheza kikapu akiwa chuo kikuu, akaichezea Nigeria katika AfroBasket ya 2015, kisha akaingia kwenye kazi ya ukocha katika timu za vyuo. Wachezaji wake wengi wana historia inayofanana na hiyo. Wamezaliwa au wamekulia Marekani, katika nyumba za wahamiaji ambao walivuka bahari kutafuta elimu na kazi, na ambao hawakuwa tayari kuona mtoto akiacha vitabu kwa ajili ya mpira.

Mzazi wa namna hiyo si mgeni kwa msomaji wa Temeke, Mwanza au Mombasa. Ni yuleyule anayeuliza mtihani ulikuwaje kabla ya kuuliza mtoto amekula nini. Kilichobadilisha hesabu zake ni utaratibu mmoja wa vyuo vikuu vya Marekani: hutoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Msichana anayecheza vizuri, na mwenye alama zinazomruhusu kuingia chuoni, anaweza kusoma bila familia yake kulipa ada. Hapo mpira uliacha kuwa adui wa daftari.

Familia inayoonyesha hilo vizuri ni ya Ogwumike, wa Texas. Wazazi hao Wanigeria, Peter na Ify, wana mabinti wanne: Nneka, Chiney, Olivia na Erica. Wote wanne walicheza kikapu hadi chuo kikuu, wakubwa wawili Stanford na wadogo wawili Rice. Nneka alianzia kwenye jimnastiki, ila urefu ukamkatalia, akahamia kikapu. Mwaka 2012 alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani. Miaka miwili baadaye mdogo wake, Chiney, naye akachaguliwa wa kwanza. Haikuwahi kutokea ndugu wawili kuchaguliwa hivyo katika ligi hiyo.

Lakini pengine anayepaswa kuwavutia zaidi wazazi ni Erica, kitinda mimba. Aliichezea Nigeria katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na njia aliyoichagua baada ya kikapu ni ya kusomea udaktari. Dada yake Nneka alitamani kuvaa jezi hiyohiyo ya Nigeria, akakataliwa na shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, kwa kuwa alikwisha kuichezea Marekani na kutwaa nayo Kombe la Dunia mwaka 2014 na 2018.

Si kila nyumba itatoa akina Nneka, wala hakuna sababu ya kumbebesha mtoto mzigo huo. Kinachoweza kuigwa ni kidogo kuliko hapo na kipo ndani ya uwezo wa nyumba nyingi: mabinti wale hawakuambiwa wachague kati ya kitabu na mpira. Waliwekewa ratiba, na vyote viwili vikaingia ndani yake.

Mchezaji anayepotelea jikoni

Katika mashindano yale ya Kigali, wenyeji Rwanda walimaliza nafasi ya nne. Uganda nayo ilifika robo fainali, ikatolewa na Rwanda. Kenya ilikuwa imecheza mashindano yaliyotangulia, ya Yaoundé mwaka 2021, lakini Kigali haikuwepo. Tanzania pia haikuwepo, ingawa ukumbi ulikuwa jirani kiasi kwamba mtu wa Ngara angeweza kwenda kutazama fainali kwa basi.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba wasichana wetu ni wafupi au hawana kipaji. Mtu aliyewahi kukaa kwenye viwanja vya UMISSETA hawezi kukubali hilo. Vipaji vipo, na warefu wapo. Wanachokosa ni miaka.

Shule nyingi za msingi zina goli la soka kwa wavulana na uwanja wa netiboli kwa wasichana, na kikapu hakipo kwa yeyote. Msichana hukutana na mpira wa kikapu akiwa sekondari, kama shule yake ina uwanja wa sementi na bodi ambayo bado ina duara. Wakati huo mwenzake wa Dakar au Bamako amekuwa akiudunda tangu akiwa na miaka tisa.

Halafu kuna saa kumi jioni. Kaka anachukua mpira na kutoka, pengine bila hata kuaga. Dada yake wa umri uleule akitaka kutoka anaulizwa anakwenda wapi, na nani, atarudi saa ngapi, na vyombo ataviosha nani. Kila swali lina maana yake. Lakini ukiyajumlisha kila siku, kwa miaka mitatu, mtoto anaacha kuomba. Wachezaji wa timu ya taifa wengi hupotelea jikoni, wala hakuna anayehesabu.

Kuna dawa rahisi ambayo haihitaji bajeti ya wizara: zamu. Jumanne na Alhamisi kaka anaosha vyombo, dada yuko mazoezini. Wapo akina baba watakaocheka wakisikia hivyo. Hata hivyo hao hao hujaa kwenye vibanda kutazama mabinti wa watu wengine wakiimba wimbo wa taifa.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mazingira ya kuanzia yapo. Viwanja vya Don Bosco na vile vya JMK Park, Kidongo Chekundu, vimelea vijana wengi, na ligi ya kikapu ya mkoa ina timu za wanawake kama JKT Stars, Vijana Queens na DB Troncatti. Kumpeleka binti wa miaka 11 akatazame mechi moja ya wanawake kunamfundisha kuliko maneno mengi, kwa sababu anaona watu wazima, wenye kazi na familia zao, wakicheza kwa nguvu na kurudi nyumbani.

Hofu ambayo si ya kupuuzwa

Mara nyingi mzazi anaposema hapana, sababu si vyombo. Anawaza giza, anawaza bodaboda, na anamuwaza kocha. Kuhusu kocha, ana haki ya kuwaza, na kikapu chenyewe kimempa sababu.

Juni 2021, gazeti la New York Times na shirika la Human Rights Watch walitoa taarifa za wasichana wa Mali waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono na watu waliokuwa na madaraka katika kikapu cha nchi yao. Mwezi uliofuata, kocha wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 18 alikamatwa na kufunguliwa mashtaka. Rais wa FIBA wakati huo, ambaye ni raia wa Mali, alikaa pembeni kupisha uchunguzi. Kazi hiyo akapewa mwanasheria wa Canada, Richard McLaren, na ripoti yake ya Septemba ilieleza kuwa unyanyasaji ulikuwa umeota mizizi katika mchezo huo nchini Mali.

Sasa mzazi atazame kalenda. Agosti ya mwaka huohuo, wasichana wa Mali walishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 19. Septemba, mwezi ilipotoka ripoti, timu ya wanawake ya Mali ilicheza fainali ya AfroBasket jijini Yaoundé na kufungwa na Nigeria 70-59. Kwa mtu wa nje, Mali ilikuwa mfano wa kuigwa: wasichana wengi, vipaji vingi, medali. Makombe yaliyopangwa kwenye kabati hayakuwa ushahidi kwamba watoto walikuwa salama.

Namna mambo kama hayo yanavyotokea haina uchawi. Kocha ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi, nani asafiri, nani apendekezwe shule yenye ufadhili. Msichana anayetoka nyumba yenye dhiki anajua kwamba mtu huyo mmoja ameshika ufunguo wa maisha yake. Wazazi wake wako mbali, au hawajawahi kufika uwanjani hata siku moja, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Mtoto akikataa anaachwa kwenye kikosi, na akisema anaambiwa anaharibu jina la timu.

Kumfungia binti ndani hakumlindi, kwa sababu watu wa aina hiyo wapo pia shuleni, kwenye dini, na hata ukoo una wa kwake. Kinachopunguza hatari ni mzazi kuonekana. Kocha mwenye nia mbaya huwachagua watoto ambao hakuna mtu anayewaulizia.

Kwa hiyo mazoezi ya kwanza mzazi aende mwenyewe. Amsalimie kocha, aombe namba yake ya simu, naye aache yake. Aulize kama kuna mwanamke katika benchi la ufundi, kama kuna mtu mzima mwingine anayekuwepo wakati wote, na timu inaposafiri watoto wanalala wapi na nani ana funguo za vyumba. Kocha mwema hafadhaishwi na maswali hayo. Wengi watayafurahia, kwa sababu kilio chao cha miaka yote ni wazazi wasiofika.

Yapo pia mambo ya kuangalia kadiri siku zinavyokwenda. Ujumbe wa kocha kwa mtoto upite kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Akianza kumtumia binti peke yake, tena usiku, mzazi aulize. Mazoezi ya ziada ya mchezaji mmoja yafanyike watu wakiona. Zawadi ya simu au raba ambayo wenzake hawakupewa si jambo la kupokea na kushukuru tu. Akichua misuli ya mtoto, iwe hadharani. Na binti aliyekuwa akipenda mazoezi, ghafla akawa hataki hata kusikia jina la kocha, asipigwe wala asiitwe mvivu. Akalishwe chini na kuulizwa taratibu, na mtu anayemwamini, ambaye huenda ni shangazi au bibi badala ya mama.

Likithibitika au kukiwa na shaka, simu namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo Tanzania na Kenya, na vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kulimaliza jambo hilo kifamilia kunamwachia mtu yule timu nzima ya watoto wengine.

Kuhusu giza na bodaboda, hakuna siri. Wazazi wanne wa mtaa mmoja wakipeana zamu ya kuwarudisha watoto, kila mmoja anakwenda uwanjani mara moja kwa wiki tu, na watoto wanakuwa na mtu mzima siku zote.

Kitambaa kichwani

Kwa miaka mingi, familia za Kiislamu zilikuwa na sababu nyingine ya kusita, na hiyo haikutoka kwao. Kanuni za FIBA zilikataza kufunika kichwa uwanjani kwa maelezo ya usalama. Kwenye Michezo ya Asia ya mwaka 2014 huko Incheon, Korea Kusini, timu ya wanawake ya Qatar ilitakiwa kuvua hijabu kabla ya mechi. Ikagoma, ikapoteza mchezo bila mpira kurushwa, kisha ikajitoa.

Huko Marekani, Bilqis Abdul-Qaadir alifunga pointi 3,070 akiwa sekondari katika jimbo la Massachusetts, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa sekondari wa jimbo hilo kabla yake, mvulana au msichana. Akacheza chuo kikuu akiwa na hijabu. Alipotaka kwenda kucheza kwa kulipwa Ulaya, kanuni ile ikamfungia mlango. Alikuwa mmoja wa waliopaza sauti hadi, Mei 2017, wajumbe wa FIBA wakapiga kura kuiondoa. Tangu Oktoba 1, 2017, mchezaji anaruhusiwa kufunika kichwa katika mashindano ya kimataifa, ilimradi kitambaa kisifunike uso, kisiwe na sehemu inayoning'inia, na rangi yake ilingane na ya timu. Mikono na miguu pia inaweza kufunikwa kwa nguo za kubana za michezo chini ya jezi na bukta.

Si kila mlango umefunguka. Shirikisho la Ufaransa linakataza hijabu katika mashindano yake ya ndani hadi leo. Lakini binti wa Unguja, Tanga au Lamu anayeambiwa na mtu kwamba kikapu hakiruhusu stara anadanganywa. Kanuni ipo upande wake, na mzazi anaweza kumwambia kocha hivyo kwa ujasiri.

Goti, urefu na uzazi

Kuna mama atakayemruhusu binti kwa matumaini kwamba kikapu kitamrefusha. Hakimrefushi. Urefu huja na damu ya ukoo na chakula anachokula utotoni. Mchezo huwachagua tu waliokwisha kuwa warefu. Wafupi nao wana kazi yao, hasa ya kuongoza mpira. Ezinne Kalu, aliyekuwa injini ya Nigeria kwa miaka, hafiki mita 1.80.

Cha kuangalia zaidi ni goti. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huumia nyuzi za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, hasa baada ya kubalehe. Mazoezi ya kupasha mwili, ya kuimarisha mapaja na ya kujifunza kutua huku magoti yamekunjwa hupunguza hatari hiyo. Mzazi akiona timu inafika tu na kuanza mechi bila dakika 15 za kupasha mwili, amuulize kocha. Mpira nao uwe wa saizi yake: namba 5 kwa watoto wadogo, namba 6 kwa wasichana wakubwa na wanawake. Namba 7 ni wa wanaume, na ndio unaouzwa zaidi madukani.

Siku za hedhi si sababu ya kukosa mazoezi kama anajisikia vizuri. Ila atahitaji pedi ndani ya begi, mahali pa kubadilisha, na bukta ya rangi iliyokolea. Hayo kocha wa kiume huenda asiyafikirie kabisa mpaka mama aseme. Kwa kuwa anapoteza damu na kutoka jasho, sahani yake iwe na maharage, mboga za majani, dagaa au nyama, na ya kutosha. Msichana anayecheza mara tatu kwa wiki hali kama ndege.

Na lile wanalolisema wazee, kwamba msichana wa michezo hatazaa au hatatulia kwenye ndoa? Mwaka 2022, Kombe la Dunia la wanawake lilifanyika Sydney. Australia ilimrudisha Lauren Jackson, mwenye miaka 41, mama wa watoto wawili wa kiume, ambaye alistaafu mwaka 2016 kwa sababu ya goti. Katika mechi ya kutafuta medali ya shaba dhidi ya Canada alitokea benchi na kufunga pointi 30. Australia ilishinda 95-65. Ukoo wake wenyewe ni jibu: mama yake, Maree, na baba yake, Gary, wote waliichezea Australia kikapu kabla yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mchezaji wa Canada, Kim Gaucher, alikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa Machi, na Olimpiki ya Tokyo ilikuwa Julai. Kwa sababu ya korona, waandaaji walizuia familia za wachezaji kuingia Japan. Gaucher akasema hadharani kwamba analazimishwa kuchagua kati ya kumnyonyesha mwanawe na kuichezea nchi yake. Kabla ya mashindano kuanza waandaaji wakabadili uamuzi, na watoto wanaonyonya wakaruhusiwa kusafiri na mama zao.

Gharama

Kikapu si mchezo wa bei ya juu. Mpira mmoja hutosha watoto kumi. Kitu cha kugharamia ni raba yenye soli inayoshika na isiyobana, kwa sababu sementi haina huruma na kifundo cha mguu, na mitumba mizuri hupatikana. Baada ya Nigeria kutwaa kombe la tano mfululizo, Rais Bola Tinubu aliahidi kila mchezaji dola 100,000 na nyumba. Zawadi za Ikulu huja kombe likishafika. Raba mtu hununua miaka kumi kabla, bila kujua kama kuna kombe.

Kombe hilo la tano lilipatikana Abidjan mwaka 2025, Nigeria ilipoifunga Mali kwenye fainali. Lakini timu iliyozungumzwa sana ilikuwa ya majirani zetu Sudan Kusini, ambao walikuwa wakicheza mashindano hayo kwa mara ya kwanza katika historia yao na wakaondoka na medali ya shaba. Nchi hiyo imepata uhuru mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa siku ile bendera inapandishwa Juba ana umri wa binti anayebishania vyombo vya jioni hapa kwetu.

Kombe la Dunia lijalo limepangwa kufanyika Berlin, Ujerumani, kuanzia Septemba 4 hadi 13, 2026, na Nigeria itakuwepo. Saa za Berlin wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mechi za mchana na za jioni za huko zitachezwa watoto wakiwa bado macho. Baba asiyejua kanuni za kikapu asiwe na wasiwasi. Amuite binti yake akae karibu, amweleze kwa nini refa amepiga filimbi.